Sala ya Chumbani: Nafasi ya Sala Binafsi ya Kweli katika Historia ya Ukristo wa Burundi

Utangulizi

Tunapoandika historia ya Ukristo nchini Burundi, huwa tunahesabu vinavyohesabika: parokia zilizofunguliwa, watu waliobatizwa, shule na hospitali zilizojengwa, mapadre na wachungaji waliowekwa wakfu. Mambo hayo yana rejista, barua na picha. Lakini kuna jambo moja ambalo Ukristo wenyewe unaliona kuwa kiini chake, nalo halimo katika rejista yoyote: mtu mmoja, akiwa peke yake, anazungumza na Mungu bila kuonwa na jirani. Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anawaonya wanafunzi wake wasisali kwa ajili ya kutazamwa na watu. Anawaelekeza waingie chumbani, wafunge mlango, wala wasidhani kwamba watasikilizwa kwa sababu ya wingi wa maneno yao.

Insha hii inauliza maswali mawili. Je, sala hiyo ya chumbani ina historia? Na kama inayo, imefanya kazi gani katika maisha ya Wakristo wa nchi yetu? Hoja yangu ni kwamba sala binafsi ya kweli si pambo la dini wala si njia ya kukimbia mambo ya dunia. Historia ya Burundi inaonyesha kwamba nguzo za nje za dini, yaani kengele, mikutano, viongozi na majengo, zinaweza kuondolewa au kutumiwa na watawala. Nguzo hizo zinapotikisika, Mkristo hubaki na kile alichokijenga ndani yake, kiwe kingi au kidogo.

Maana ya maneno

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Katika Kiswahili, Wakatoliki wengi husema "kusali" na Waprotestanti wengi husema "kuomba" au "kufanya maombi". Kirundi nacho kinatofautisha gusenga, yaani kusali au kuabudu, na gusaba, yaani kuomba kitu. Tofauti hii ina maana. Anayesema "kuomba" anaweza kudhani kwamba sala ni kupeleka mahitaji tu, kama mtu anayepeleka karatasi ofisini na kusubiri mhuri. Lakini katika mapokeo ya Kikristo sala ni pia kushukuru, kutubu, kulalamika, kusikiliza na hata kunyamaza.

Neno "kweli" nalo lahitaji ufafanuzi. Sala ya kweli si lazima iwe ya maneno mapya. Bibi anayesali rozari kwa maneno aliyofundishwa utotoni anaweza kusali kwa moyo wote, na kijana anayebuni maneno mazuri mbele ya kusanyiko anaweza kuwa anajihubiri mwenyewe. Katika insha hii, sala ya kweli ni ile ambayo maneno ya mdomo yanakubaliana na hali ya moyo, na ambayo mtu yuko tayari ibadili mwenendo wake.

Jina kama sala

Wanafunzi wengi tumefundishwa kana kwamba sala ililetwa Burundi na wamisionari. Ibada za wazi za zamani zilielekezwa hasa kwa Kiranga, kupitia kubandwa, na kwa wazee waliokufa. Imana, Mungu Muumba, hakuwa na hekalu wala makuhani. Kwa sababu hiyo baadhi ya wageni waliona kwamba Imana alikuwa mbali na watu. Lakini kuna ushahidi mwingine ambao tunaubeba sisi wenyewe kila siku kwenye kadi zetu za wanafunzi, nao ni majina.

Nsabimana maana yake ni "namwomba Mungu". Nsengiyumva ni "namsali yule anayesikia". Hakizimana ni "Mungu ndiye anayeponya", au ndiye anayeokoa. Habonimana ni "Mungu ndiye anayeona". Ndayishimiye ni "namshukuru". Majina ya aina hii hayakutoka katika kitabu cha sala. Ni desturi ya kutoa jina iliyo ya zamani kuliko misheni, na kila jina lilitolewa na mzazi kwa sababu yake: labda alikuwa amepoteza watoto wengine, labda alikuwa na ugomvi na jirani, labda alikuwa ameponea chupuchupu. Jina kama Nsengiyumva ni sala fupi ya mtu mmoja iliyohifadhiwa ndani ya mtu mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kuwako parokia, Mrundi alijua kwamba Mungu anaweza kusemeshwa bila mpatanishi, kwa sentensi moja, nyumbani.

Misheni na swali la unyofu

Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi waliwaita Mapadre Weupe, walijaribu kwanza kukaa Rumonge mwaka 1879. Jaribio hilo liliisha mwaka 1881 baada ya watatu kati yao kuuawa. Baadaye waliweza kufungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameweka sheria kali: mtu asibatizwe kabla ya kuandaliwa kwa miaka minne. Sababu yake ilikuwa wazi. Aliogopa imani ya haraka, ile ambayo mtu anaipokea leo kwa ajili ya nguo au ulinzi na kuiacha kesho.

Hofu hiyo haikuwa bure. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, Warundi walimiminika kwenye ubatizo kwa maelfu. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikipanga upya utawala wa machifu, na kuwa Mkristo aliyesoma shule ya misheni kulimsaidia mtu kupata cheo. Hapa mwanahistoria anakutana na tatizo gumu. Rejista ya ubatizo inaandika jina, tarehe na wazazi wa ubatizo, haiandiki kwa nini mtu alikuja. Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu. Hatuna haki ya kusema kwamba umati ule wote ulitafuta vyeo, kwa maana wengi wao walikuwa wakulima wa kawaida wasio na cheo cha kutafuta. Tunachoweza kusema ni kwamba tangu hapo swali la unyofu lilikuwa ndani ya Kanisa: nani anasali, na nani anahesabiwa tu?

Uamsho: toba ya mtu mmoja mmoja

Upande wa Waprotestanti, swali hilohilo lilizua mwamko mkubwa. Mwaka 1929, Simeon Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe mjini Kampala. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na ubaridi wa Kanisa, na waliketi pamoja kusoma Biblia na kusali. Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki mara nyingi huanzia hapo. Uamsho huo ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya, Tanganyika na pia Burundi, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa imefungua vituo vya Matana na Buhiga katikati ya miaka ya 1930.

Walokole hawakuleta fundisho jipya. Waliuliza swali la zamani kwa ukali mpya: wewe mwenyewe, si ukoo wako wala kanisa lako, umesema nini na Mungu kuhusu dhambi zako? Mtu aliyebatizwa tangu utoto aliambiwa kwamba ubatizo bila toba ya moyo haumtoshi. Waliotubu walirudisha vitu walivyoiba, waliwaomba radhi waliowakosea, na Waafrika na wazungu waliungamiana makosa yao, jambo ambalo lilikuwa zito katika jamii ya kikoloni. Hapa tunaona alama moja ambayo mwanahistoria anaweza kuishika. Sala yenyewe haionekani, lakini mbuzi aliyerudishwa kwa mwenyewe anaonekana.

Hata hivyo Uamsho ulikuwa na hatari yake. Ungamo la hadharani, ambalo mwanzoni lilikuwa tunda la sala ya siri, liliweza kugeuka kuwa desturi. Mtu angeweza kujifunza namna ya kutubu kama anavyojifunza wimbo: wapi pa kulia, wapi pa kupandisha sauti. Ndiyo maana nasema chumba hakiwezi kubadilishwa na jukwaa, hata jukwaa likiwa la toba.

Miaka ya Bagaza: kengele inaponyamazishwa

Kipindi kinachotufundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni Jamhuri ya Pili. Kanali Jean-Baptiste Bagaza alichukua madaraka tarehe 1 Novemba 1976. Mwanzoni serikali yake ilijulikana kwa barabara, umeme na miradi mingine ya maendeleo. Lakini mgogoro wake na makanisa, hasa Kanisa Katoliki, uliendelea kukua. Wamisionari wengi wa kigeni walifukuzwa au walinyimwa ruhusa ya kuendelea kukaa, mpaka idadi ya walioondoka ikafika mamia. Katikati ya miaka ya 1980, serikali iliweka mipaka kwa misa na ibada za siku za kazi, kwa hoja kwamba zinapunguza uzalishaji. Mwaka 1986 ilipiga marufuku Inama Sahwanya, yaani mabaraza ya jumuiya ndogo za Kikristo vilimani, ambamo majirani walisali, walisoma Neno na kupatanisha ugomvi. Mafunzo ya Yaga Mukama, ambayo yaliwafundisha watoto wengi wa vijijini kusoma na kuandika pamoja na katekisimu, yalifungwa. Seminari ndogo zilichukuliwa na serikali. Baadhi ya mapadre na walei walifungwa.

Tutazame kilichoondolewa. Hakikuondolewa kitabu cha sala, wala hakuna sheria iliyoweza kumkataza mtu kumwomba Mungu kimoyomoyo akiwa analima. Kilichoondolewa ni yote yaliyomzunguka mtu na kumsaidia kusali: saa iliyopangwa, majirani, katekista, padre aliyefahamu lugha ya kilima kile. Mkristo aliyezoea kwamba sala ni kwenda mahali fulani alibaki bila mahali katikati ya juma. Mkristo aliyezoea kusali popote alipo alibaki na jambo lilelile alilokuwa nalo jana.

Sitaki kukipamba kipindi hiki. Kuna wanaopenda kusema kwamba mateso hulisafisha Kanisa, kana kwamba mateso ni mazuri. Hapana. Kufungwa kwa Yaga Mukama kuliwanyima watoto maskini nafasi ya kujua kusoma. Kuvunjwa kwa Inama Sahwanya kuliondoa mahali ambapo majirani wa makabila yote waliketi pamoja, na miaka michache baadaye nchi ilihitaji sana mahali kama hapo. Sala binafsi haitoshi peke yake, nayo hukua vizuri zaidi ndani ya jumuiya. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: serikali iliweza kuyafikia yote ya nje, na haikuweza kulifikia hilo moja la ndani. Tarehe 3 Septemba 1987, Bagaza akiwa Quebec kwenye mkutano wa nchi zinazotumia Kifaransa, Meja Pierre Buyoya alimpindua, na vizuizi juu ya makanisa vililegezwa. Makanisa yalijaa tena.

Pingamizi kubwa

Hapa msomaji makini ataniuliza swali ambalo haliwezi kukwepwa. Kama Burundi ni nchi ya Wakristo wanaosali, ilikuwaje mwaka 1972? Ilikuwaje baada ya tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na majirani wakaanza kuuana? Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa pia. Walikuwa wamekariri sala zilezile, katika lugha ileile.

Pingamizi hili lina nguvu, na jibu rahisi la kusema "hao hawakuwa Wakristo wa kweli" halifai, kwa sababu linamwondolea Kanisa wajibu wa kujichunguza. Jibu langu ni kwamba historia hiyo inathibitisha tofauti tuliyoanza nayo. Sala ya mkusanyiko inaweza kuwa alama ya kuwa mmoja wa kundi. Mtu anaweza kusimama na kundi lake kanisani Jumapili na kusimama na kundi lake njiani Jumatatu akiwa na panga. Sala ya chumbani ina hali nyingine: huko hakuna kundi. Mtu anabaki na jina lake tu, na anayemwona ni mmoja. Anayezoea kusimama hivyo kila siku anajizoeza kuwa mtu anayeweza kusema "hapana" hata kundi lake linaposema "ndiyo". Sisemi kwamba kila anayesali peke yake hupata ujasiri huo. Nasema kwamba ni vigumu kuona ungetoka wapi kwa mtu ambaye hajawahi kusimama peke yake.

Padre Michel Kayoya, mwandishi aliyeuawa mwezi Mei 1972, alituachia mfano wa maandishi. Kitabu chake "Sur les traces de mon père", kilichotoka Bujumbura mwaka 1968, ni tafakuri ya Mrundi anayetafuta namna ya kuwa mwana wa baba yake na Mkristo kwa pamoja. Karne nyingi kabla yake, Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliandika "Maungamo" yake yote kama maneno anayomwambia Mungu. Vitabu kama hivi vinatuonyesha kwamba chumba kina maktaba yake, ingawa ni ndogo.

Buta, tarehe 30 Aprili 1997

Tukio linalojulikana zaidi katika jambo hili ni la Seminari Ndogo ya Buta, katika Jimbo la Bururi. Vita vilikuwa vinaendelea na shule nyingi za nchi zilikuwa zimegawanyika kwa makabila. Gambera wa seminari, Padre Zacharie Bukuru, aliyeandika baadaye kitabu juu ya vijana hao, aliamua kwamba wanafunzi wake wasinyamazie yaliyokuwa yakitokea. Walizungumza wazi juu ya vita na historia ya nchi, walicheza ngoma na michezo pamoja, na walisali pamoja. Muda mfupi kabla ya shambulio, wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa wamefanya mafungo ya kiroho ya Pasaka.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wapiganaji wenye silaha waliingia katika bweni na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Vijana walikataa. Wapiganaji wakawafyatulia risasi na kuwarushia mabomu ya mkono. Walikufa 40. Waliosalimika walishuhudia kwamba baadhi yao walikufa wakiwaombea msamaha wauaji. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini lilifungua rasmi kesi ya kuwatangaza wenye heri, pamoja na Padre Kayoya na wamisionari waliouawa Buyengero mwaka 1995.

Mara nyingi tukio hili husimuliwa kama muujiza wa dakika chache. Kwa mwanafunzi wa historia, yafaa kutazama yaliyotangulia. Dakika zile zilikuwa fupi mno kwa mtu kuanza kutafakari. Hapakuwa na nafasi ya kumwuliza padre wala ya kupiga kura. Kila kijana alikuwa gizani, amelala muda mfupi uliopita, na kila Mhutu aliyekuwamo alijua kwamba hatua chache tu zingeweza kuokoa maisha yake. Uamuzi ulikuwa umekwisha kuandaliwa siku nyingine, katika mazungumzo, katika urafiki, na katika sala ambazo hatutazisoma kamwe. Jumuiya iliwafundisha, lakini hakuna jumuiya iliyoweza kuamua kwa niaba ya mmoja wao.

Sala katika Bujumbura ya leo

Leo hatuna kizuizi cha kengele. Kinyume chake, mtu anayelala Bujumbura usiku wa Ijumaa anasikia maikrofoni za mikesha. Katika miaka ya Rais Pierre Nkurunziza, kati ya 2005 na 2020, mikutano mikubwa ya maombi na shukrani ilikuwa sehemu ya maisha ya viongozi wa nchi wenyewe. Serikali moja ilizuia sala ya hadharani, nyingine iliiongoza. Siwezi kusema nani katika mikusanyiko hiyo alisali kwa kweli na nani hakusali, kwa kuwa historia haina mizani ya kupimia moyo. Lakini wingi wa sauti hauwezi kuwa kipimo chetu, kama vile ukimya wa miaka ya 1980 haukuwa dalili ya kwamba watu waliacha kusali.

Kwetu vijana hali ina ugumu mwingine. Wengi tunaishi watu wanne au watano katika chumba kimoja cha kupanga, na mlango wa kufunga haupo. Simu nayo haitunyimi tu ukimya, inatutia hamu ya kuonyesha kila kitu, hata magoti yetu. Mtu anapiga picha ya Biblia iliyo wazi kabla hajaisoma. Chumba alichokitaja Yesu hakiwezi kuwa cha matofali tu, la sivyo maskini wasingeweza kusali. Mama anayepanda basi alfajiri kwenda kuuza ndagala sokoni ana chumba chake katikati ya abiria, ikiwa amejifunza kukiingia.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba sala binafsi ina historia nchini Burundi, ingawa haina rejista. Tunaifuata kwa nyayo zake: katika majina ya wazee wetu, katika vitu vilivyorudishwa na walokole, katika imani iliyodumu ibada zilipozuiwa, katika vitabu vichache, na katika bweni la Buta. Imeonyesha pia kwamba wingi wa Wakristo haukuizuia nchi kuanguka mwaka 1972 na 1993, na kwamba sala ya chumbani haitoshi bila jumuiya, elimu na haki.

Umuhimu wake basi uko wapi? Ni hapo ambapo mtu mmoja anatakiwa kujibu kwa jina lake. Mtawala anaweza kufunga kanisa au kulijaza. Kundi linaweza kumlinda mtu au kumpoteza. Wanaotafiti historia ya Kanisa wafanye haraka kuwasikiliza wazee waliosali vilimani katika miaka ya Bagaza, kwani kila mwaka wanapungua, na wanachokijua hakijaandikwa popote.